Minofu Iliyokosa Ndege

Jana binti yangu kanisogezea simu usoni. "Mama, hebu ona, samaki wa kuoka wa Kimeksiko. Tunaweza?" Nikacheka mwenyewe. Bibi yangu aliweza bila oveni wala umeme.

Ilikuwa 1999, Igogo, Mwanza. Ulaya walikuwa wamefunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, wakihofia kwamba wapo wanaovuliwa kwa sumu, na kiwandani kwa mjomba zamu zikakatwa. Ndege hazibebi, vyumba vya baridi vimejaa. Jioni moja akaingia na mfuko wa minofu ya sangara, wafanyakazi wameuziwa kwa bei ya kutupa. Sisi wa mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishakatwa, tukauzunguka ule mfuko bila kujua pa kuanzia. Nyama tupu, hakuna hata kichwa cha kufyonza.

Sista wa parokiani, yule wa Veracruz kule Meksiko, alikuwepo (Bibi alimpenda kwa sababu alikula kwa mkono na hakubagua mboga). Akaomba apike kama kwao. Kwao ni bandari, samaki wao ni mwekundu wa baharini, lakini akasema sangara atafaa, mnofu wake mnene haumeguki ovyo. Mtoto akatumwa parokiani kufuata kichupa cha zeituni.

Minofu ikapakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu. Sosi ikapikwa pembeni: vitunguu, nyanya zilizoiva mpaka kupasuka, pilipili, zeituni. Mama mdogo alitaka kuimwaga mapema, akazuiwa. Lazima ikauke kwanza, maana samaki naye atatoa maji yake. Hilo nimelishika mpaka leo.

Oveni, hakuna. "Mwanangu," Bibi akamwambia Sista, "hapa keki zinaokwa kila sikukuu." Akaacha makaa machache chini, akateleka sufuria, akafunika kwa mfuniko wa bati uliogeuzwa, makaa mengi akayapanga juu yake. Tukachuchumaa. Kwanza harufu ya kitunguu saumu, kisha ile ya nyanya inayoanza kushika kwenye ukingo, tamu na chungu kwa pamoja. Bibi akalowesha ncha ya kanga kuukuu, akainua mfuniko taratibu, na kipande kidogo cha jivu kikadondoka katikati ya sosi. Wote tulikiona. Hakuna aliyesema. Nyanya za juu zilikuwa zimekuwa nyeusi kingoni, zeituni zimesinyaa, na Sista alipogusa mnofu kwa uma ukaachana wenyewe, tabaka kwa tabaka, mweupe kabisa chini ya wekundu ule.

Sinia lilipokaa, Sista akaanza kutamba. Nyanya zimetoka kwetu, pilipili kwetu, hata mahindi ya ugali wenu huu, kwetu!

Bibi akatafuna kwanza, akameza. "Na huyu sangara naye Wazungu walimtia ziwani mimi nikiwa mtu mzima. Nimekua nakula ningu na furu. Basi leo humu ndani mwenyeji ni mimi peke yangu, maana hata chumvi ni ya Uvinza, kule Kigoma."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Mjomba hakucheka. Alikuwa anachovya ugali kwenye sosi, minofu anatusukumia watoto. "Kuleni tu. Mimi nimeikata kila siku, hainishuki." Nikamwamini, nikaongeza.

Baadaye Ulaya wakafungua tena. Mjomba akaitwa kazini na nyumba nzima ikashangilia. Mama mdogo akapiga vigelegele uani. Mimi nikanuna, kwa sababu nilijua mapanki yanarudi. Nilipoulizwa nina nini, nikasema tumbo. Mtoto anayetamani mjomba wake aendelee kukosa kazi ili yeye ale minofu, sijui nimweke kundi gani.