Taa Inawaka, Pingi Inajibu, Faili Haliendi

Radi za mvua ya Januari ziliunguza swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) ya ofisi moja ya uhasibu maeneo ya Mwanjelwa, na wenyewe wakanunua nyingine siku hiyo hiyo, ya bei nafuu, isiyo na mahali popote pa kuifanyia mipangilio. Taa ziliwaka, kompyuta zikapata intaneti, kazi ikaendelea. Kufikia jioni manung'uniko yalikuwa yameanza, kwa sababu barua pepe fupi zilikwenda bila shida, ilhali kiambatanisho cha megabaiti chache kilikwama njiani. Kwa wiki mbili lawama zote alibebeshwa mtoa huduma wa intaneti, ambaye kila alipopima upande wake alisema hakuna kasoro, na alikuwa anasema kweli.

Nilipoitwa nilianza na pingi, yaani ujumbe mdogo wa kupima kama kifaa cha upande wa pili kinajibu, kama tulivyozoea, nazo zilirudi karibu zote. Ndipo nikaingia kwenye ruta yao ya zamani (kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti), ambayo poti zake hazizidi megabiti 100, na kukuta hesabu ya makosa ya CRC (fremu, yaani vifurushi vya data, zilizofika zikiwa zimeharibika) kwenye poti iendayo kwenye swichi ikipanda kila mtu alipojaribu kutuma faili kubwa, huku hesabu ya migongano ikiwa sifuri. Nilichomoa kebo kwenye swichi, nikaichomeka kwenye laptopu yangu yenye Linux na kuendesha ethtool, amri inayoonyesha hali ya poti. Jibu lilikuwa megabiti 100 kwa sekunde, dupleksi nusu, yaani kutuma na kupokea kwa zamu.

Kilichotokea ni hiki. Fundi aliyetangulia alikuwa ameifunga poti ya ruta kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na bila shaka swichi iliyokufa aliifunga vivyo hivyo. Swichi mpya inajua kujadiliana tu, yaani kukubaliana kasi na dupleksi na kifaa cha upande wa pili. Kifaa kinachojadiliana kikikosa wa kujadiliana naye, kinaweza kutambua kasi kutokana na ishara za umeme zilizomo kwenye waya, lakini ishara hizo hazibebi habari yoyote ya dupleksi, kwa hiyo kanuni inakitaka kichukue dupleksi nusu. Basi swichi ikawa inasikiliza kwanza ndipo iseme, na ruta ikawa inasema wakati wowote ipendapo. Zote mbili zinaposema kwa pamoja, swichi huona mgongano na kuikatiza fremu yake; ruta hupokea kipande kilichokatika na kukihesabu kuwa kosa, wala haijui kwamba fremu yake yenyewe imepotea. Pingi ndogo zinazopita mojamoja hukutana mara chache sana, ndiyo maana zinamdanganya fundi. Faili kubwa, ambalo data zake huenda upande mmoja na uthibitisho wa kupokelewa ukirudi upande mwingine muda wote, halina pa kuponea.

Nilirudisha poti ya ruta kwenye majadiliano ya kiotomatiki. Kazi yote ilikuwa mstari mmoja.

Simlaumu sana mwenzangu. Majadiliano haya yaliingia kwenye kiwango cha Ethernet ya megabiti 100 mwaka 1995, na vifaa vya kwanza vya watengenezaji tofauti mara nyingi havikuelewana, hivyo mafundi wa wakati ule wakafundishwa kufunga kila kitu kwa mkono, nao wakatufundisha sisi. Tabia imebaki ingawa sababu yake imekwisha. Kwenye gigabiti ya waya wa shaba majadiliano ni sharti la kiwango chenyewe. Tena, gigabiti ikishuka hadi 100 yenyewe, usikimbilie mipangilio, tazama kebo kwanza, kwani gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya wakati megabiti 100 hutosheka na mbili.

Bado kuna mahali pa kufunga kwa mkono, hasa kwenye vifaa vikongwe vya kubadilisha faiba kuwa shaba ambavyo havijadiliani kabisa. Hapo ninafunga pande zote mbili, kwa kasi ile ile na dupleksi ile ile, kisha ninaandika mipangilio hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya kifaa chenyewe, mahali ambapo atakayekuja kubadilisha swichi baada ya radi nyingine ataiona kabla hajachomeka waya.