Siku shangazi alipomnunulia tapeli soda

Hii ni ya Agosti 2021, Kariakoo. Mwezi mmoja nyuma Soko Kuu lilikuwa limeungua, usiku wa Julai 10, na kama hukuwepo Dar kipindi kile sijui nikuelezeje hofu iliyokuwa mitaani pale, maana walioungua hawakupoteza mzigo tu, wengine daftari la madeni nalo lilienda na moto, na mdaiwa akishasikia daftari halipo basi kumbukumbu zinampotea ghafla, eti "mi nilishamaliza, muulize marehemu daftari." Shangazi yangu anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Moto haukumgusa ila ile habari ya daftari ilimkaa kichwani, halali vizuri, akanipigia simu: "Baba, si ulisomea kompyuta wewe? Njoo uniwekee hili duka kwenye simu kabla halijaniunguza na mimi."

Kipindi hicho nimemaliza chuo nipo nipo tu, nikaenda.

Sasa mi nilikuwa nimejiandaa na maprogramu ya stoo, na grafu zake za mauzo, nimedownload mpaka kwenye flash. Kufika pale nikakuta hali halisi. Simu ya duka ni moja, kioo kimepasuka, ndo hiyo hiyo ya hela, ndo ya WhatsApp, ndo ambayo kijana wa duka (tulikuwa tunamwita Dogo) anaangalizia mpira usiku. Namba ya siri imeandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya daftari na ni mwaka wa kuzaliwa wa shangazi. Wateja wanamtumia hela kwenye namba yake binafsi, hiyo hiyo ambayo wanawe na watu wa kikoba wanamtumia, yaani jioni ikifika hajui ipi ya duka ipi ya mchango wa harusi. Nikairudisha flash mfukoni.

Tukaanza na laini. Nikamwambia shangazi hela iwe na laini yake na simu yake, tukanunua kitochi, simu ya batani ya kawaida kabisa, ikakaa kwenye droo ya meza yake, haitoki, haina intaneti, haina mtu wa kuitumia linki ya ajabu ajabu. Simu janja ikabaki ya WhatsApp na picha, hiyo Dogo aishike. Kabla ya hapo nikapiga *106# tuone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, tukakuta moja haijui kabisa, tukaenda kuifuta. Halafu tukafuatilia Lipa Namba kwa jina la biashara, ile ambayo mteja kabla hajaweka namba yake ya siri anaona jina la duka linatokea. Nikaiandika kwa makapeni kubwa na jina la duka chini yake, nikamwambia kila asubuhi apitishe jicho, maana mtu anaweza kuja kubandika kikaratasi chenye namba yake juu ya ile yako na usishtuke siku nzima.

Ugomvi ulikuja kwenye namba ya siri. Nimemwambia abadilishe na asimpe mtu, akaninunia. "Kwani Dogo mwizi? Huyu nimemlea." Yaani kwake kumficha namba ni kumtukana mtoto wa watu mbele yangu. Ikabidi nimweleze hivi, shangazi, siku hela ikipungua hata kwa makato tu ambayo hujayaelewa, mtu wa kwanza kutazamwa ni nani? Si Dogo? Asiyeijua namba hawezi kusingiziwa. Kabla shangazi hajajibu Dogo mwenyewe akadakia, "Mama badilisha, mi sitaki kuijua." Yaliisha hapo hapo. Kusema kweli mambo mengi ya usalama wa mtandao kwenye biashara ndogo ni hili tu, heshima kati ya mwenye duka na kijana wake, na ukija na maneno ya kitaalamu hawakusikilizi, wanaona umekuja kuwafundisha kutoaminiana.

Daftari hakutaka kuliacha, na mi sikumlazimisha. Tukakubaliana jioni kila ukurasa ulioandikwa unapigwa picha na simu yake mwenyewe ya nyumbani, siyo ya duka, na picha zinapanda kwenye akaunti yake ya Google, basi, hata duka liungue madeni yapo. Nilimuuliza kwanini Dogo asipige tu, akaniangalia kama nimeuliza upuuzi. "Madeni ya watu hayasomwi na kila mtu, baba. Humo kuna mke wa mtu amekopa mumewe hajui." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bunge lilikuja kuipitisha 2022, ikaanza kazi Mei 2023, shangazi alikuwa anaitekeleza tangu enzi za kalamu.

Kwenye bei ndo nilishindwa kabisa. Tumeweka WhatsApp Business, Dogo kapiga picha nzuri nje kwenye mwanga, katalogi imependeza, nikasema sasa weka bei. Hataki. Nikamwambia wateja wanachukia hii "bei njoo inbox", akasema wachukie, akiweka bei jirani anapunguza mia tano juu yake, na mteja wa jumla kutoka Lubumbashi akiona bei ya rejareja anamkimbia, na wa rejareja akiona ya jumla ndo balaa zaidi. Mpaka leo katalogi ile haina bei. Na anauza.

Sasa Jumamosi moja, hivyo vitu vimeshaanza kuzoeleka, mchana duka limejaa. Kumbuka ndo kipindi kile tozo za miamala ya simu zimetoka kuanza, Julai 15, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, watu wana hasira nazo, wengi wamerudi kwenye noti, kwahiyo mteja anayesema mwenyewe "nalipa kwa simu" unamwona mstaarabu. Akaja kaka mmoja, kavaa vizuri, shati limenyooka, kachagua pisi 60 za wax bila kuombaomba punguzo, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi, Kariakoo nani hapunguziwi? Jumla laki saba na themanini. Akabonyeza simu yake pale mbele yetu, akaandika namba iliyopo kwenye karatasi, akatuonyesha kioo, meseji hiyo hapo, muamala umekamilika, jina la duka lipo, kiasi kipo. Dogo akaanza kufunga mzigo.

Shangazi akavuta droo. Kitochi kimya.

"Bado haijaingia, mwanangu."

"Mtandao unasumbua leo bi mkubwa, si unaona meseji hii hapa? Bajaji inanisubiri nje, gari ya Morogoro inaniacha."

Mi nilikuwa nimekaa juu ya robota nyuma, nikanyanyuka niseme kitu, shangazi akaniwekea mkono nitulie. Akasema kwa upole kabisa, "Simu yako inakupa habari zako, na mimi nasubiri yangu inipe zangu. Kaa, kuna joto. Dogo, mletee kaka soda baridi."

Akaletewa. Duka zima linaendelea na biashara, kaka yuko kwenye kigoda na soda, anatazama saa. Shangazi akageukia ukutani kama anatafuta kitu kwenye shelfu, kumbe anapiga *150*00# anaangalia salio mwenyewe, vile nilivyomwonyesha, hakusubiri hata nimkumbushe. Hakuna kitu. Akarudisha kitochi kwenye droo, akaendelea kumuuliza kaka habari za Morogoro, mvua zikoje, mahindi bei gani.

Kaka akaona muda unaenda, akasema basi ngoja nipige huduma kwa wateja wakuthibitishie. Akapiga, akaongea kidogo, akampa shangazi simu. Mi nikasogeza sikio. Sauti ya huko nzuri, imetulia, ya mtu wa ofisini: eti mama hela yako ipo hewani, imeshindwa kushuka, tutajie namba yako ya siri tuiachie. Nimewahi kusoma kuhusu huu mchezo ila sikuwahi kuusikia laivu, na niseme ukweli ile sauti ilikuwa na ushawishi, wangempata mtu aliyechoka na mwenye duka limejaa angeitaja.

Shangazi akajibu, "Mwanangu, kama hela ni yangu we iachie tu. Mi nipo hapa hapa, siendi popote." Akakata. Akamrudishia kaka simu yake, akamuuliza kama aongezewe soda.

Kaka akasema anaenda ATM mara moja, anarudi na keshi. Sina haja ya kukwambia kama alirudi. Dogo akataka kumkimbilia, shangazi akamzuia, "Umkimbilie umfanyeje, uchomwe kisu bure? Rudisha wax kwenye shelfu, na hiyo chupa irudi kwa mwenyewe, ina dhamana."

(Siku hizi namba za matapeli tunazituma 15040, na Dogo ana bidii nalo hilo zoezi, kila "ile hela tuma kwenye namba hii" inayoingia anairipoti kama analipwa.)

Stori haikukaa saa nzima ndani ya duka. Jirani wa upande wa kulia, yule yule anayepunguza mia tano, akaja mpole, anataka naye kijana amuwekee "hivyo vitu vya simu". Nikamwambia hakuna shida mama, kesho nakuja, nikidhani ni mambo ya ujirani tu. Shangazi akanikata kauli. Akamwambia huyu ni fundi wangu, elfu ishirini, kitochi ununue mwenyewe na chakula cha mchana juu yako. Wakavutana wee mpaka ikafika elfu kumi na tano, na hiyo hela ikalipwa kwenye Lipa Namba ya shangazi, akasubiri meseji iingie kwenye kitochi ndo akanipa elfu kumi yangu.