Tulivyotundika ukutani kazi zilizokataliwa na wateja

Dar es Salaam inajua kutazama mchoro. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi kule Oyster Bay, mwishoni mwa miaka ya 1960, ni nadra mgeni kuondoka mjini bila chui au twiga kwenye begi. Wachoraji na wachongaji wana Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008, na vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa navyo huwafungulia kuta. Sisi wa grafiki tupo kila mahali na hatutazamwi popote. Mfuko wa unga, kadi ya harusi, tiketi ya basi, bango la mgombea, stika ya mgongoni mwa bajaji: mtu anasoma, anatupa, anaendelea na safari. Nani kaitengeneza? Hakuna anayeuliza.

Nilitaka tuwe na onyesho letu. Nasema letu, ingawa mwanzoni nilikuwa mimi na kundi la WhatsApp lililojaa matangazo ya aina ya "anatakiwa dizaina, kazi ndogo tu, inahitajika kesho asubuhi".

Nilipolitoa wazo kundini, wengi walisema tukusanye kazi bora za kila mtu. Nikapinga. Kazi bora zina kwao. Behance, tovuti ya kuonyeshea kazi za wabunifu, ipo tangu 2005, na Instagram inafahamika. Humo kila nembo imebandikwa kwenye kikombe cheupe, fulana nyeusi na ukuta wa jengo ambalo halijawahi kujengwa. Lakini ukikaa na dizaina kijiweni, akishakunywa kahawa yake, habari anayokupa ni nyingine kabisa: toleo la kwanza alilolipenda, simu ya mteja usiku, toleo la pili, la tatu, na jinsi kilichochapwa mwishowe kilivyomfanya aone haya kusema ni chake. Hiyo ndiyo niliyotaka iende ukutani. Kila mshiriki alete jozi: kazi ambayo mteja aliikataa na ile aliyoipitisha, na chini yake maneno ya mteja yaliyobadilisha mambo.

Kundi likakaa kimya. Nadhani kila mmoja alikuwa anafungua mafaili ya zamani, kwa sababu lilipofumuka lilifumuka kweli. "Nafasi tupu ya nini? Mimi nimelipia karatasi nzima." "Logo iongezeke kidogo. Kidogo tena." "Mke wangu anasema rangi hii ni ya msiba." Tulicheka mpaka watu wakaanza kuulizana kama hii ni sanaa au ni kulipiza kisasi.

Swali hilo lilikuwa la haki, ikabidi tuweke masharti. Jina la mteja halionekani, wala nembo yake. Palipokuwa na nembo tuliweka kisanduku cha kijivu cha ukubwa uleule. Kumbe kisanduku kile kilitusaidia kuliko nilivyotarajia: nembo ikiondoka, jicho linabaki na mpangilio wenyewe. Unaona wazi kisanduku kilivyokua kutoka kona ya chini kikapanda hadi kumeza theluthi ya bango. Hakuhitajiki maelezo.

Upande wa haki nilisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi inalindwa tangu inapoundwa, huna haja ya kusubiri muhuri wa ofisi yoyote. Ila ulinzi ni jambo moja na umiliki ni jingine. Aliyetengeneza kazi akiwa mwajiriwa, au aliyesaini mkataba unaompa mteja kila kitu, asijifanye haijui sahihi yake. Hao tuliwaambia walete ruhusa ya maandishi. Baadhi walipata, wengine waliambiwa hapana, tukaziacha kazi zao. Ilikuwemo brosha moja ya hoteli nzuri mno. Bado inaniuma.

Kazi ngumu ikawa kupokea mafaili. Watu wanaoshinda kwenye kompyuta wanatuma kazi kama picha ya WhatsApp, ambayo huko njiani imeshakamuliwa hadi herufi zina ukungu! Nikaandika maelekezo mafupi na kuyabandika juu kabisa ya kundi: tuma kama dokumenti au kwa barua pepe; PDF; nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi; milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu; na maandishi yote yageuzwe kuwa michoro. Hilo la mwisho ndilo lenye balaa. Stesheneri nyingi za Kariakoo zinafanyia kazi programu ya CorelDRAW, wakati nusu ya wenzetu wako Illustrator. Faili ikifika kwenye mashine isiyo na fonti yako, yaani umbo la herufi ulilochagua, kompyuta inachagua yake yenyewe, na kichwa cha habari ulichokipima kwa siku nzima kinatoka kwenye Arial. Kwenye Corel kuyageuza ni Ctrl+Q, basi, umemaliza.

Halafu rangi. Kijani kile kinachowaka kwenye kioo cha simu hakimo ndani ya wino nne za mashine, hata umlipe fundi mara mbili. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu ule wa chumba. Anayetengeneza kwa RGB, rangi za kioo, akaja kuchapa bila kugeuza kwenda CMYK, zile wino nne, asimlaumu fundi kwamba bluu yake imezeeka. Na maandishi madogo meusi yatoke kwenye wino mweusi peke yake, asilimia 100, si mchanganyiko wa wino zote nne. Zikikosa kukaa sawasawa, hata kwa unywele, kila herufi inapata kivuli. Haya alitufundisha kijana wa mashine, ambaye hajasomea grafiki na anajua kuhusu wino kuliko wengi wetu tuliokuwa tumesimama nyuma yake. Tulichapa jina lake la kwanza chini ya kila karatasi aliyoitoa, na duka likatupunguzia bei. Gharama iliyobaki tulichangishana kwa simu.

Hesabu ya karatasi ilikuwa rahisi na iliokoa pesa. Karatasi mbili za A2 zikikaa ubavu kwa ubavu zinatoa A1 moja, milimita 594 kwa 841. Kwa hiyo kila jozi ikawa karatasi moja: kushoto iliyokataliwa, kulia iliyopitishwa. Hakuna namna ya kuzitenganisha, na mtazamaji hawezi kuona moja akaipita nyingine.

Ukumbi sina mengi ya kusema. Tulipata ghorofa ya chini ya jengo ambalo halijakamilika Sinza, mwenyewe akakubali kwa sharti tumpakie kuta chokaa. Barua ya serikali ya mtaa, kibali kwa afisa utamaduni, kuomba umeme kwa jirani. Mwenye kuandaa chochote mjini hapa anajua.

Unyevu ndio ulionitoa jasho. Karatasi iliyobandikwa jioni kwa gundi ya pembeni, asubuhi imejikunja kama mkeka. Kuzibandika kwenye ubao wa povu kungetumaliza mfuko. Fundi seremala wa mtaani akatukatia vipande vyembamba vya mbao, tukabana karatasi juu na chini, kamba ikapita juu. Uzito wa mbao ya chini unainyoosha karatasi yenyewe, ndivyo ramani za darasani zilivyotundikwa miaka yote. Katikati ya kila kazi tuliiweka sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Kijana mmoja alitaka tuzipange kwa mkao wa mshazari ili ziwe "na mvuto". Tulimwonyesha ukuta wa maneno ya wateja, akaelewa.

Kulikuwa na kazi moja niliyorudi kuitazama mara kwa mara. Dada mmoja wa Temeke aliwahi kuombwa kubuni kanga ya shughuli. Kanga ina sheria zake: pindo linazunguka, mji unakaa kati, jina, yaani yale maneno, linakaa juu ya pindo la chini. Yeye aliheshimu vyote, ila mji aliuacha wazi, rangi moja tupu, na korosho moja katikati. Moja tu. Mteja akasema kanga imebaki uchi. Iliyopitishwa ina mikorosho, mawimbi, jahazi, jua na picha ya mgeni rasmi. Wanawake waliokuja kutazama waligawanyika, tena kwa sauti. Mama mmoja akasema ile ya korosho ni ya kutundika, ile ya pili ni ya kuvaa, na mteja alikuwa sahihi. Dada mwenyewe alimsikiliza kwa makini, akamwita pembeni, wakaongea muda mrefu kuhusu kanga inavyokunjika kiunoni na ni sehemu ipi ya mji inayoonekana mtu akishajifunga. Hakuna kozi inayofundisha hayo.

Kwa jioni ya mazungumzo tuliazima kipimo cha PechaKucha, mtindo ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003 na wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham: picha 20, kila moja sekunde 20, zinageuka zenyewe, umemaliza kwa dakika sita na sekunde arobaini. Sisi tunapenda kuanza na salamu, kumshukuru Mungu, kisha kuwatambua wageni. Ukifanya hivyo, picha yako ya tatu imeshapita. Watu walijifunza haraka sana.

Mgeni aliyeteka jioni, lakini, hakuwa na picha hata moja. Ni mzee mchora mabango, anaandika saluni, gereji na maduka ya vipodozi upande wa Buguruni. Nilimwendea kibandani kwake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, una bati lako au nikutafutie?" Aliamini nimeleta oda. Nikamweleza, akasema atakuja, ila hatahutubia, atafanya kazi. Akaja na bati, brashi na kopo la rangi ya mafuta. Akapiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, akauliza aandike nini. Mtu akapaza sauti: Kawawa Road.

Ukiandika KAWAWA kwa herufi kubwa kwenye kompyuta bila kuigusa, mapengo yanatokea, kwa sababu A inainama huku na W inainama kule. Mzee hakutumia rula. Alianza na herufi za katikati akielekea pembeni, na kila mguu wa A aliuingiza chini ya bega la W hadi neno zima likakaa kama limefumwa. Vijana wanaotumia saa nzima kusogeza herufi kwa kipanya walisimama bila neno. Mmoja akamuuliza nafasi ya kati ya herufi anaipimaje. "Sipimi nafasi," akasema, "natazama kama kuna mahali rangi ya bati inanizomea."

Baadaye ukazuka ugomvi, nami niliufurahia. Jamaa mmoja wa wakala wa matangazo alisema stesheneri zinaua soko kwa kutengeneza nembo kwa bei ya chakula cha mchana. Binti wa stesheneri akasimama. "Kaka, mteja wangu anauza chipsi. Nimpelekee bei ya matajiri wa Masaki? Na wewe ukipata kazi ya kampuni kubwa, unayempa aifanye kwa bei ya chipsi ni mimi." Ukumbi ukalipuka. Hakuna aliyeshinda, ila iligundulika kwamba karibu wote tunafanya kazi kwa neno la mdomo tu. Usiku uleule tukaandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa, faili za mwisho zinatoka hela ikikamilika, na matoleo yaliyokataliwa yanabaki mali ya dizaina, anaweza kuyaonyesha bila jina la mteja. Binti wa stesheneri ndiye aliyeufupisha. Sisi tulikuwa tumefika kurasa nne.

Mkataba umesambaa mbali kuliko picha za onyesho. Naulizwa kuhusu huo na watu wa Arusha na Mwanza ambao hawajui hata kama kulikuwa na karatasi ukutani. Wanaotaka kuandaa la kwao nawatumia maelekezo ya mafaili na vipimo vya mbao, na nawaambia watafute mchora mabango wa mji wao kabla ya kutafuta ukumbi.

Kundini sasa kuna ubishi mpya: kazi iliyotengenezwa kwa akili mnemba iruhusiwe awamu ijayo au isiruhusiwe? Wapo wanaosema tukifungua mlango huo tumekwisha. Mimi nasema iingie kwa sharti lilelile, yaani mletaji aonyeshe iliyokataliwa, iliyopitishwa, na mteja alisema nini. Tunapiga kura Jumamosi, na kwa ninavyowajua, nitashindwa.