Soda mbili kwa siku
Kwa miaka mingi nilikunywa soda mbili kila siku, moja na chakula cha mchana na nyingine jioni, bila kujiuliza kilichomo. Juzi binti yangu alisoma maandishi ya kopo la mililita 330, akapima sukari ile kwenye glasi tupu: gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Nilishtuka kuliona rundo lile jeupe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, kiwango ambacho soda zangu zilikivuka kabla sijahesabu chai. Mama yangu ana kisukari. Sasa ninakunywa maji ya mtungini.