Nitajitahidi

Mara moja tu nilikaa na rafiki yangu hospitalini tangu mashine ya kusafisha damu inawashwa hadi inazimwa. Siku hiyo kaka yake, aliyekuwa akimsindikiza siku zote, alipata dharura, nami nikaombwa nimshikie zamu.

Niliingia na uso wa msibani. Aliponiona akauliza, "Nani kafa?" Kisha akachomoa ubao wa drafti chini ya shuka.

Figo zake zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, damu yake ilitoka kwa sindano moja, ikapita kwenye chujio, ikarudi kwa sindano nyingine. Hayo nilikuwa nayajua kwa kusimuliwa. Nilichokuwa sikijui ni ule mkono. Kabla hawajamfunga mashine, alikamata vidole vyangu akaviweka juu ya mkono wake wa kushoto, karibu na kifundo, pale daktari alipounganisha ateri na vena ili mshipa upanuke na uhimili kuchomwa kila mara. Chini ya ngozi kitu kilikuwa kinatetemeka bila kupumzika, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Nikautoa mkono haraka.

"Usiogope, huyo ndiye mwenye nyumba," akasema. "Akinyamaza, nampigia daktari." Usiku alikuwa akiusogeza mkono huo sikioni, akausikiliza kwanza ndipo alale.

Tukacheza. Mkono wa kushoto ulitakiwa utulie, kwa hiyo alicheza kwa wa kulia na kuiba kwa huohuo. Alinifunga michezo sita. Wa saba nikambana kona, nikapata kingi, naye akacheka hadi akaukunja mkono wenye sindano. Mashine ikalia. Sista akaja mbio, akatugombeza wote wawili kama watoto. Alipogeuka tu, kete zangu mbili hazikuwepo ubaoni.

Kumbe kilichomtesa kuliko sindano ni kiu. Alikuwa hakojoi tena, hivyo kila tone alilokunywa lilibaki mwilini hadi siku ya mashine, na maji yake yalipimwa kwa kikombe. Mimi nilikuwa na chupa kubwa, nikainywa karibu yote mbele ya macho yake, huku nikisubiri zamu yangu ya kucheza. Hakusema neno. Kaka yake ndiye aliyeniambia, baadaye sana.

Mwisho akapanda mizani: kilo mbili na nusu pungufu ya alivyokuja. "Nimeacha lita mbili na nusu humu ndani," akamwambia sista. "Mnitunzie."

Aliishi hivyo miaka miwili. Nimepiga hesabu, na heri nisingepiga: mara 312, saa 1,248. Mimi nilikaa nne. Siku ya mazishi walinitambulisha kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, nikaitikia kwa kichwa. Kwenye kuzikana, kweli, sikuchelewa.

Lakini siku ile tulitoka polepole, nimemshika bega, maana baada ya mashine miguu humlegea. Tulipofika mlangoni akauliza, "Alhamisi utakuja?"

"Nitajitahidi."

Akatabasamu. Kiswahili alikijua vizuri.

"Basi hizi kete zako nakaa nazo," akasema, akipapasa mfuko wa shati.