Mabaki ya printa yangu ya 3D hayaendi tena jaani

Anayekwambia PLA, plastiki ya kuchapia vitu vya 3D, inaoza yenyewe kwa sababu imetokana na mahindi au miwa, mwambie akuoneshe ilipoozea. Mimi niliambiwa niizike bustanini pamoja na maganda, nikaizika. Nilipokuja kufukua, mvua zilikuwa zimepita na maganda yamegeuka udongo mweusi, lakini plastiki ilikuwa vile vile. Niliisuuza, ikang'aa. PLA inahitaji mitambo ya mboji inayokaa kwenye joto la nyuzi karibu 60 kwa wiki nyingi. Shimo la bustani halifiki huko, na inaniudhi kuona watu wakiendelea kudanganyana.

Basi nikaamua kuyayeyusha mabaki yangu mwenyewe. Kikwazo kilikuwa debe langu: PLA na PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, zimechanganyika, zote nyeusi, na ukiziyeyusha pamoja hazishikani vizuri. Kuzitia kwenye maji ya baridi hakusaidii, zote huzama. Dawa ni maji ya moto, na hapa najivunia kweli. PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, ilhali PETG hustahimili mpaka karibu 80. Nikapasha maji hadi 70, nikawa nashika kipande kwa koleo, nakizamisha, nangoja kidogo, kisha nakikandamiza ubavuni mwa sufuria. Kikijikunja bila ubishi, PLA. Kikigonga sufuria, ko!, PETG. Nilichambua debe zima bila kubahatisha.

Kuyeyusha kwenyewe hakuna maneno mengi: oveni kuukuu isiyopikiwa tena chakula, madirisha wazi, nyuzi 190 hivi, PLA ikiwa kati ya karatasi mbili za kuokea. Kazi ipo kwenye kupoza. Bamba likiachwa lipoe lenyewe hupinda. Libane likiwa bado moto kati ya vyuma viwili bapa, kaza jiliwa, usiliguse mpaka lipoe kabisa. Bamba langu la bluu na nyeupe limetoa vishikio vya kabati, kila kimoja na mawimbi yake, na gharama ilikuwa karatasi tu.

Ila bora zaidi mabaki yasiwepo. Nilipochapa vitu vidogo vya rangi mbili, plastiki iliyotemwa kwenye kubadili rangi ilizidi uzito wa kitu chenyewe. Printa hujenga kitu tabaka juu ya tabaka, na hutema kwa kila tabaka linalobadili rangi, iwe imebeba kitu kimoja au kumi. Kwa hiyo siku hizi nangoja vijae, navichapa kwa mkupuo mmoja. Na usiondoke kabla tabaka la kwanza halijashika, maana hapo ndipo huanzia mafundo ya nyuzi za plastiki.

Kingo za bamba zisugue kwa msasa wa maji juu ya beseni, vumbi lisiruke. Maji yale yachuje kwa kitambaa kizito, na tope litakalobaki lifungie kwenye chupa, lisiende mtaroni.