Watoto na labirinti ya sala: wacha watembee kwanza

Tangu tuanze kuchora labirinti pale uwanja wa kanisa naulizwa swali lilelile, eti mtoto wa miaka minne mitano ataelewa nini? Mi naona wanaelewa haraka kutushinda, shida ni sisi wakubwa tunaeleza mpaka hamu inawaisha.

Kitu chenyewe ni njia moja tu, inazunguka zunguka mpaka katikati halafu unarudi hukohuko. Hakuna njia panda, kwa hiyo hakuna kupotea. Ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, iko sakafuni tangu miaka ya 1200, ina mizunguko 11 na ukiifuata mpaka katikati ni kama mita 260 hivi, sasa mtoto gani wa Sande Skuli atafika bila kuuliza posho imeiva saa ngapi? Sisi tunachora ya mizunguko 7. Unaanza na msalaba, kila pembe unaweka kona kama herufi L na nukta moja, halafu unaunganisha ncha kwa ncha kwa kupinda, kuanzia juu ya msalaba. Tunatumia majivu ya jikoni, kwenye huu udongo wetu mwekundu yanaonekana safi sana, ila mvua ikinyesha ndo basi tena. Siku hizo tunachora kwa karatasi wanafuata na kidole, na hiyo si ya kitoto jamani, kanisa kuu la Lucca kule Italia lina moja imechongwa kwenye nguzo ya barazani ya kufuata kwa kidole.

Usiwaambie wanyamaze. Wengine watakimbia, wacha wakimbie, kona zenyewe zitawapunguza spidi. Anayeingia akikutana na anayetoka wanagonga mikono wanapishana. Sala tumeifanya fupi: mlangoni "Yesu, niko hapa", katikati unachuchumaa unataja mtu unayemwombea, ukitoka "asante". Kijana mmoja alichuchumaa akamwombea mbuzi wao anayekohoa, kwa sauti, na wenzake wote wakaitikia amina wakiwa hukohuko njiani, wala sikuwa nimewafundisha hivo.

Wazazi ndo kazi. Mama mmoja wa kwaya akanivuta kando, "Mwalimu, hii si mambo ya mashetani kweli?" Nikamwambia mama, kila Juni 3 watu si wanafika Namugongo, kule walikouawa mashahidi wa Uganda, kwa miguu, wengine wametembea siku nyingi, ile si ni sala? Akasema Namugongo kuna mashahidi, hapa kuna majivu. Haya, point yake nimeisikia, lakini watoto wake bado anawaleta.

Na kama una mtoto anakataa kabisa kuingia, usimvute. Mpe beseni la majivu na kijiko awe fundi wa kurudishia mistari iliyofutika, maana kuifuata lazima aitembee yote.